Peremende Mezani, Kamera Mafichoni

Mzazi anaweka peremende mezani, anamwambia mtoto asiiguse mpaka arudi, kisha anajificha na simu yake akirekodi. Mtoto anainusa, anaigusa kwa ncha ya kidole, anaukalia mkono wake ili usimponze. Akishindwa akaila, video inasambazwa watu wacheke, na yeye anaitwa mlafi. Jambo hili linaniuma sana.

Jaribio lenyewe lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watoto wa chekechea uchaguzi: kitamu kimoja sasa hivi, au viwili ukingoja nirudi. Baadaye ikaonekana kwamba waliongoja muda mrefu walielekea kufanya vizuri zaidi shuleni, na wazazi wengi wakaamini wanaweza kuisoma kesho ya mtoto wao kwenye meza ya chakula. Utafiti wa mwaka 2018, wenye watoto wengi zaidi, uliukuta uhusiano huo ni mdogo, tena unapungua mno hali ya familia ikizingatiwa.

Ila ulionigusa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Rochester, uliochapishwa mwaka 2013. Kabla ya kitamu kuletwa, mtafiti aliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Wengine aliwaletea, wengine akawarudia mikono mitupu na kuomba radhi. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12 hivi. Waliovunjiwa, dakika 3 tu.

Kwa hiyo mtoto anayekula mapema huenda amepiga hesabu yake vizuri kabisa. Ameshaambiwa "nakuja sasa hivi" mara ngapi, na aliyesema akaja lini? Ndiyo maana naona jaribio la nyumbani linampima mzazi kuliko mtoto.

Kujizuia kunafundishika, na Mischel mwenyewe aliliona hilo: kitamu kikifunikwa, au mtoto akiwaza jambo jingine la kumfurahisha, anangoja muda mrefu zaidi. Basi kifunike. Imbeni pamoja. Anza na muda mfupi anaouweza, na kamera iweke kando, maana anayejifunza hastahili kuchekwa na watu asiowajua. Na ukimwambia dakika tano, tega saa mahali anapoisikia. Ikilia, inuka umpe, hata kama mazungumzo yako hayajaisha.