Ghorofa limekuja, ming'oko imehama

Jana asubuhi nimemkuta Bibi wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, amehamia ng'ambo ya barabara, juani. Miaka yote alikuwa chini ya mwembe, beseni limefunikwa kitambaa, nasi tunamenya palepale na chumvi yetu. Mwembe haupo. Pana ukuta wa vigae vinavyong'aa, wa ghorofa jipya la ofisi hapa katikati ya Mtwara.

Silichukii jengo. Barabara za mji huu zilipimwa pana tangu mpango wa karanga wa Mwingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Karanga zikagoma, reli iliyojengwa kuzibeba ikafa, tukabaki na bandari yenye kina na viwanja vitupu. Mtwara ilivishwa shati la mtu mzima ikaambiwa ikue. Kwa hiyo nikiona nondo zinasimama, nami husema "Mtwara kuchele", yaani kumekucha, kama wenzangu.

Ila tulishasema hivyo wakati wa gesi. Kabla bomba la Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015, wenye nyumba walipaka rangi, wakafunga viyoyozi, wakawatoa wapangaji wa zamani kuwasubiri wageni. Wageni walikuja, wengi wakaondoka. Kuna nyumba mtaa wa Shangani hapa mjini naijua, ilikaa na kufuli miaka, mwenyewe hataki kushusha kodi. Bei ile ilikuwa imeshaingia kichwani, mfukoni bado.

Sasa naiona hali ileile kwenye fremu zinazopakana na ghorofa. Ofisi hazijajaa hata nusu, lakini fundi wangu wa cherehani ameambiwa kodi imepanda, tena alipe ya mwaka mzima. Kuuliza kwa nini, akaoneshwa jengo kwa kidole. Fundi huyu pesa anaiona msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wakulima wa Tandahimba na Newala wakishalipwa. Ghorofa halijamletea hata suruali moja ya kupunguza, na tayari analilipia.

Wanaolitetea husema watumishi watakula na watapanda bajaji. Ni kweli, vijana wa bodaboda kijiweni wanacheka siku hizi. Lakini tazama lilivyojengwa: mlango mmoja, mlinzi na daftari lake, kantini humohumo ndani, magari yanaingilia geti la nyuma. Jioni wakishatoka, mtaa unabakiwa na ukuta mrefu usio na hata kidirisha cha kuuzia maji. Pale palipokuwa na kahawa na bao, saa mbili usiku mimi napita mbiombio.

Waliojenga Mikindani, mji mkongwe jirani yetu, waliliweza hili bila mchoro wa kompyuta. Duka linatazama njia, mbele pana baraza, mpita njia anapata pa kukaa. Manispaa inapopitisha ramani ya ghorofa, ingeanza kuuliza habari za chini kabla ya kuhesabu za juu: fremu ndogo ngapi zinatazama barabara, kivuli kiko wapi, na mwembe unakatwa kwa sababu gani hasa. Huu wetu ulikuwa pembeni kabisa ya kiwanja.

Nilimuuliza Bibi biashara inaendaje huko juani.

"Wa ofisini wanaipenda sana, mjukuu wangu," akasema huku ananifungia. "Ila anayekuja kununua ni mlinzi. Beseni halivuki geti."