Kianzio cha saluni kimbane na msusi pia

Saluni nyingi siku hizi hazikupi nafasi mpaka utoe kianzio, na usipotokea hela hiyo ndiyo imeliwa. Wateja wanalalamika kwamba wanalipia kazi ambayo haijafanyika. Wasusi nao wana hoja nzito. Rasta nyembamba zinaweza kula saa sita au zaidi kwenye kichwa kimoja, kwa hiyo mteja huyo asipokuja, siku ya msusi imekwenda, maana wengine alishawakatalia. Na wengi wao hawana mshahara: wanalipwa kwa kichwa, au wamekodi kiti ambacho kodi yake haiulizi kama kilikaliwa.

Kianzio chenyewe, basi, sikioni kuwa uonevu. Shida ni kutoza wote sawa. Anayekuja kuosha na kukausha nywele tu hachukui muda mrefu, na nafasi yake anaweza kuijaza yeyote atakayeingia bila miadi. Kumtoza sawa na wa rasta ni kumkomoa. Kianzio kiendane na saa zinazoshikiliwa, na anayeahirisha siku moja kabla ahamishiwe tarehe nyingine bila kukatwa.

Lipo jambo ambalo tangazo la kianzio linalobandikwa ukutani halilisemi kamwe. Mteja anafika saa nne kamili, anamkuta msusi yuko katikati ya kichwa cha mtu, na kwenye benchi wamekaa wawili walioambiwa saa nne hiyo hiyo. "Kaa kidogo tu dada, namalizia." Msusi atajitetea kwamba huwapanga hivyo kwa sababu kuna wasiotokea. Sawa, lakini akishapokea kianzio utetezi huo hauna miguu tena: anajikinga mara mbili, na anayeumia ni yule yule aliyewahi.

Kuna kuchelewa kwingine kunakoletwa na mteja. Kasema nywele ziko tayari, kumbe rasta za zamani hazijafumuliwa. Hapo ratiba nzima imevurugika, na anayefuata ndiye anayesota. Picha ya nywele zilivyo, itumwe wakati wa kuweka nafasi, ingeokoa mengi. Na kufumua kulipiwe kama kazi nyingine yoyote.

Ningekuwa na saluni, sheria ya kwanza ingenihusu mwenyewe: nikimchelewesha mteja zaidi ya nusu saa, achague kusubiri kwa punguzo au aondoke na kianzio chake chote.