Trauti wako Gura, sisi tuko wapi?

Watu wa Nyeri mtanisamehe lakini hii kitu imenikaa rohoni muda mrefu, wacha niitoe. Mimi ni wa upande wa Tetu, na mpaka napanda ndege kuja majuu sikuwahi kuvua hata trauti mmoja, wale samaki wa maji baridi, mto Gura huko Aberdare. Si eti hawakuwepo. Wako huko tangu 1905, wakati Grogan, yule mzungu aliyetembea Cape mpaka Cairo, aliwatoa Scotland akawatia Gura, ndio mwanzo wa trauti Kenya. Tulijua wako na tulijua ni wa nani: wazungu na wageni wa lodge. Ukionekana na mshipi karibu na msitu askari anakuuliza maswali, halafu ukifika nyumbani guka, yaani babu, naye ana yake, maana wazee wetu samaki hawakuwa wanakula, kwao samaki na nyoka ni ukoo mmoja.

Sasa nakaa Virginia na wikendi ukinikosa kwa simu jua niko milima ya Blue Ridge, ndani ya paki ya Shenandoah, navua trauti. Ndio, mimi. Leseni ya mwaka ya jimbo kwa mkaazi haifiki dola 30, unainunua kwa simu ukiwa kitandani, na hakuna mtu anakuuliza baba yako ni nani ama umefikia lodge gani. Ukipita kando ya mto Rapidan utakuta kambi ya Hoover, rais wa Marekani kutoka 1929, jamaa alitaka mahali pa kuvua trauti pasipo mbali na Washington na pawe juu mbu wasimsumbue. Siku hizi yeyote anashuka kwa mguu mpaka mlangoni kwa rais na kuvua maji yaleyale, ila hapo samaki unamrudisha, kula hakuna.

Vijito vyenyewe vingine ni vidogo, unavuka bila kulowa magoti, na matawi yamefunika juu, kwa hivyo ukitaka kurusha kamba kwa madoido inanasa tawi la kwanza na unaanza kupanda mti. Unachofanya ni kupiga magoti nyuma ya jiwe, unashika nzi bandia, yaani chambo cha manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano, kwa vidole viwili pale ndoano inapopinda, unaivuta nyuma mpaka rodi inajikunja, halafu unaachilia na rodi yenyewe ndio inaitupa chini ya matawi. Ikitua vizuri hungoji sana, bruki, aina ya trauti wa mlimani, ana njaa na hana muda wa kuchagua. Wengi ni inchi sita, saba hivi. Lakini lowesha mkono wako kwanza ndio umshike, mkono mkavu unamtoa ule utelezi unaomkinga na magonjwa, halafu umwangalie: mgongoni michirizi ya kujipindapinda, ubavuni madoa mekundu yamezungushiwa bluu, mapezi ya chini rangi ya chungwa na ukingo mweupe kabisa. Huyu ndiye mwenyeji wa hiyo milima, hakuletwa na mtu. Trauti wa aina ya brauni na reinbo ndio wageni wanaomsukuma.

Kitu kinachonishangaza huku si samaki, ni watu. Kiangazi maji yakipanda kupita digrii 20 hivi wavuvi wengi wanaacha wenyewe, kwa sababu trauti aliyechoka kwenye maji ya joto hata ukimrudisha anakufa. Mwezi wa kumi wakianza kutaga, mtu ataona kiraka cha kokoto kimesafishwa hapo chini na kung'aa kuliko kokoto zingine, anajua ni mayai, anazunguka asikanyage. Hakuna askari hapo! Na ndio hao hao waliopiga kelele miaka nenda rudi kuhusu mvua ya asidi kutokana na mitambo ya makaa ya mawe, kwa sababu walikuwa mtoni wakaona samaki wanapungua.

Lakini msidhani nawasifu tu. Kutengeneza hiyo paki miaka ya 1930 mamia ya familia za wakulima zilitolewa milimani, wengine kwa nguvu, na ukitembea huko bado unakuta mabomba ya moshi ya mawe yamesimama peke yake msituni. Kufurushwa msituni sisi tunakujua, hakuna mtu wa Mlima Kenya au Aberdare anahitaji kuelezwa. Tofauti ni kwamba huku baadaye mlango ulifunguliwa kwa kila mtu, wetu ulibaki nusu. Uhuru ulikuja, mzungu akaenda, na ule woga wa mto ukabaki.

Halafu hii ndio inaniuma zaidi. Nzi nyingi zinazouzwa Uingereza na huku Marekani zimefungwa Kenya, kwa mikono ya watu wetu! Mama anakaa kwenye benchi mchana kutwa anafunga manyoya ya shingo ya jogoo kwenye kandoano kadogo hata uzi hauonekani ukipita, dazeni baada ya dazeni, na sidhani wengi wao wamewahi kuona trauti akiinuka kuimeza. Mimi huku nanunua moja karibu dola tatu.

Najua kuna mwenye atasema trauti si wa kwetu basi potelea mbali. Sawa, hata mimi sitaki awekwe kwenye mto mpya hata mmoja. Lakini pale alipo amezidi miaka mia, na hawezi maji machafu wala ya joto, akipotea ujue hata maji ya kunywa yana shida. Upande wa Nanyuki na Naro Moru kila kiangazi ni vita ya nani amefungulia bomba juu akawaachia wa chini mawe. Kijana anayevua hapo kila Jumamosi angejua mapema kuliko ofisi yoyote.

Vyama vya watumia maji vipo, vyama vya misitu vya jamii vipo kisheria. Wapewe kilomita chache za mto nje ya paki ya Aberdare, mwenyeji alipe ada ndogo akionyesha kitambulisho chake, watoto bure, ndoano moja isiyo na kilimi, kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke, pesa ziende kwa vijana wa kulinda. Mtalii wa lodge hatakosa nafasi, Gura ni ndefu. Kama kuna mtu anajua viongozi wa chama cha maji cha upande huo aniunganishe nao, nina rodi mbili zimekaa tu kwenye boksi na kuna jamaa anakuja nyumbani Desemba ana nafasi kwa mzigo.