Gofu kwa Macho ya Anayekata Nyasi

Mjadala kuhusu viwanja vya gofu katika miji yetu huishia mara moja kwenye ardhi na maji, na wanaouelekeza huko wana hoja nzito. Uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida huchukua hekta 50 au zaidi, na katika eneo kavu unaweza kutumia zaidi ya lita milioni 1 za maji kwa siku. Klabu kongwe ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, enzi ambayo Mwafrika aliingia humo kama mfanyakazi, si kama mwanachama. Uchungu huo haukuzuliwa na mtu, nami sina nia ya kuupunguza.

Kinachonisumbua ni kwamba hoja hiyo humwona mchezaji tu, ikampita mtu aliyefika alfajiri kukata nyasi.

Grini, lile eneo laini lenye shimo, hukatwa kwa kimo cha milimita 3 hadi 4 hivi. Tulitazame jambo hilo kwa makini. Nyasi iliyokatwa kiasi hicho imenyang'anywa sehemu kubwa ya majani yanayoitengenezea chakula, mizizi yake hufupika, na kila siku inaishi karibu na kufa. Kisu cha mashine kikiwa butu, ncha huchanika badala ya kukatika, na jeraha hilo huifanya iwe rahisi kushambuliwa na kuvu. Maji yakizidi, mizizi hukosa hewa. Yakipungua, jua la saa saba mchana huimaliza. Ndiyo maana ardhi hutobolewa, mchanga hutandazwa, na mbolea hupimwa kwa uangalifu. Anayeyamudu haya yote ni mjuzi wa udongo, mimea na mashine, hata kama kwenye orodha ya malipo ameandikwa kibarua.

Nyasi ya kikuyu ina asili yake katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, na mkulima wa Limuru huing'oa shambani kama gugu sugu. Nyasi hiyo hiyo imefunika njia za kuchezea katika uwanja wa Riviera, Los Angeles, uliochaguliwa kwa gofu ya Olimpiki ya mwaka 2028. Huko kuitunza ni taaluma, na vyuo vikuu kama Penn State hutoa shahada ya sayansi ya nyasi za viwanja. Mmea umetoka kwetu, lakini ujuzi wa kuutunza umepata heshima na cheti ugenini.

Na nyasi ni mlango mmoja tu. Uwanja huhitaji fundi wa mashine, fundi wa mabomba ya umwagiliaji, mwalimu wa mchezo, mpanga ratiba, mhasibu na mpishi. Mashindano ya gofu ya Kenya Open, yanayochezwa tangu 1967, yalipoingia katika ratiba kuu ya gofu ya Ulaya mwaka 2019, wote hao walilazimika kufikia kiwango cha kimataifa.

Hata suala la maji hurudi kwa mtaalamu huyo huyo. Yeye ndiye anayejua kwamba paspalamu, aina ya nyasi, huvumilia maji yenye chumvi, jambo la maana kwa viwanja vya pwani, kwamba maji taka yaliyosafishwa yanaweza kumwagilia nyasi, na kwamba sehemu za pembeni zinaweza kuachwa bila maji kabisa. Anayetaka uwanja utumie maji kidogo anapaswa kuwa wa kwanza kudai meneja aliyesomea kazi yake.

Mahali ninapokubaliana kikamilifu na wakosoaji ni kwenye ajira yenyewe. Makedi wengi, yaani wabeba mifuko ya wachezaji, hulipwa kwa kila mzunguko wa mchezo, bila mkataba wala bima, na siku ya mvua hurudi nyumbani mikono mitupu. Klabu inayokalia ardhi ya umma kwa mkataba wa upangaji ingestahili kuulizwa, kila mkataba huo unapohuishwa, imetumia maji kiasi gani, na ni makedi wangapi imewasomesha hadi wakapata cheti.