Dozi ya Nne Haikupotezwa na Akina Mama

Majuzi, katika kipindi kimoja cha redio cha asubuhi ambacho watu wengi hapa Kisumu hukisikiliza, afisa mmoja wa afya aliulizwa kwa nini watoto wengi wanaoanza chanjo ya malaria, ambayo ina dozi nne, hawaimalizi. Akajibu papo hapo: akina mama ni wazembe. Dozi ya kwanza wanaikimbilia kwa kuwa ni kitu kipya, alisema, halafu wanachoka. Mtangazaji akamshukuru, likaja tangazo la biashara, mambo yakaisha hapo.

Kwangu hayakuisha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijawahi kuusikia msemo huo ukithibitishwa wazi kama asubuhi ile. Namwomba afisa huyo arudi kwenye kipaza sauti kile kile aliondoe neno lake, kwa sababu hao anaowaita wazembe ndio waliofanya chanjo hii ikapatikana.

Tusisahau ilikotoka. Kabla ya chanjo hii kwenda Malawi, Ghana na kwingineko, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, kati ya 2009 na 2014. Vituo vilikuwa 11, na viwili kati yake viko huku kwetu: Kombewa na Siaya. Kila mtoto wa Kombewa aliyeingia kwenye jaribio lile alibebwa na mtu, akarudishwa kupimwa homa, akatolewa damu, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka. Aliyembeba si afisa wa redioni. Kabla ya hapo, miaka ya tisini, vijiji vya Asembo na Gem ndivyo vilivyosaidia kuuonyesha ulimwengu kwamba vyandarua vyenye dawa vinaokoa watoto wachanga. Ukipita Kisian kwenye barabara ya Busia unaiona KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na kila mtu wa huku ana ndugu au jirani aliyewahi kutembelewa na watafiti na daftari zao. Watu wa ziwa wameipa sayansi ya malaria watoto wao kwa imani kubwa. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ilipozinduliwa nchini, uzinduzi ulifanyika Homa Bay. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika. Hayo ni matunda ya uvumilivu wa akina mama, na ni uchungu kusikia wakiitwa wavivu katika mji wao wenyewe.

Sasa niiseme dozi ya nne, maana ndiyo yenye shida. Ratiba tuliyoanza nayo ilikuwa miezi 6, 7, 9, halafu kimya kirefu hadi miezi 24. Dozi tatu za kwanza zinafundisha mwili kumtambua kijidudu mara tu mbu anapomwingiza, kabla hajafika kwenye ini na kuzaana huko. Kinga hiyo inapungua kadiri muda unavyokwenda. Ya nne ndiyo inayoiamsha tena, wakati mtoto bado yuko katika umri ambao malaria inaua. Kwa hiyo mtoto aliyepata tatu akakosa ya nne ameachwa nusu ya njia.

Na sababu za kuachwa nusu ya njia zinajulikana na yeyote aliyewahi kuishi na mtoto wa miaka miwili. Baada ya chanjo ya pili ya surua na rubella katika mwezi wa 18, hakuna tena jambo kubwa la kumpeleka kliniki. Mtoto anatembea, anakimbiza kuku, ana afya. Mama amerudi kwenye biashara, au ana mimba nyingine, au amepata kibarua Nairobi na mtoto amebaki kwa nyanya yake kijijini, kadi ya kliniki ikabaki kwenye begi la mama huko Kayole. Nyanya hajui tarehe. Hakuna aliyemwambia.

Mke wa ndugu yangu anaishi Nyakach. Dispensari iliyo karibu naye si karibu: boda kwenda na kurudi ni mia na hamsini, mvua ikinyesha barabara ikageuka matope ni mia mbili. Alipompeleka mtoto kwa chanjo ya surua aliambiwa arudi siku nyingine kwa sababu watoto waliofika ni wachache. Nesi hakuwa na roho mbaya. Chupa moja ya chanjo ya surua ina dozi 10, na ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa sita, la sivyo inamwagwa. Nesi amefundishwa asipoteze chanjo, na kitabu chake kinakaguliwa. Lakini nauli ya mama haikaguliwi na mtu, na siku yake ya soko iliyopotea haiandikwi popote. Alirudi siku nyingine, akachanja. Hebu niambieni, mwanamke aliyelipa nauli mara mbili kwa sindano moja ni mzembe wa aina gani?

Kuna wanaosema dawa ni kuisogeza dozi ya nne hadi miezi 18 ili ikutane na ile ya surua. Naunga mkono. Safari moja inapungua. Ila haitamfikia yule ambaye tayari hakuja kwa surua ya pili, na hao si wachache.

Ninachotaka kusema hasa ni hiki. Nchi hii inajua kumkumbusha mtu. Ukikopa shilingi mia tano kwenye programu ya mikopo, ujumbe unakuja siku tatu kabla, siku moja kabla, asubuhi ya siku yenyewe, na ukichelewa wanawapigia hadi mashemeji. Kampuni za kamari hutuma ujumbe kila Ijumaa kwa vijana wasio na hata nauli ya kwenda Kondele. KRA, mamlaka ya kodi, hutukumbusha kuwasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni, na hukumbusha hata asiye na kazi. Serikali hii hii inatuambia kila mtoto anayezaliwa atakuwa na Maisha Namba, namba yake ya utambulisho, tangu siku ya kwanza, na huduma zake maelfu zimewekwa kwenye eCitizen, mtandao wake. Yaani mtoto akizaliwa leo, kuna mahali jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na simu ya mamake vimeandikwa. Hesabu ya kujua lini atafikisha miaka miwili inafanywa na simu ya kawaida kabisa. Kwa nini basi simu ya mamake hailii?

Wala hili si wazo langu la jana usiku. Lilijaribiwa hapa hapa. Katika vijiji vya Siaya, watafiti waligawa wazazi katika makundi manne: wa kwanza hawakutumiwa chochote, wa pili walitumiwa ujumbe mfupi wa kukumbusha chanjo, wa tatu ujumbe pamoja na shilingi 75 kwa simu kila mtoto akichanjwa kwa wakati, na wa nne ujumbe pamoja na shilingi 200. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet Global Health. Watoto waliokuwa wamemaliza chanjo zote wakifikisha miezi 12 walikuwa asilimia 82 katika kundi la kwanza, 86 katika la pili na la tatu, na 90 katika la nne.

Zitazameni vizuri hizo namba kabla hamjazitumia kunishinda. Ujumbe peke yake ulionekana kusaidia kidogo, na tofauti ile ilikuwa ndogo mno kwa watafiti kuweza kuapa kwayo. Shilingi 200 ndizo zilizoleta tofauti ya uhakika. Hilo halinivunji moyo, linanipa nguvu. Linaonyesha kwamba akina mama wa Siaya hawakuwa wamesahau. Hata wasiokumbushwa kitu, zaidi ya wanane katika kila kumi walimaliza. Kilichobaki kati yao na asilimia 90 ni nauli ya boda. Mia mbili! Ni pesa ambayo afisa anaimaliza kwa chai na maandazi kwenye warsha ya kujadili kwa nini akina mama hawaji. Na somo hili tumekuwa nalo tangu kabla chanjo ya malaria haijazinduliwa Homa Bay. Tulipoipanga dozi ya miezi 24 tulikuwa tayari tunajua, kutoka kwa watu wetu wenyewe, ni nini humwangusha mtoto njiani.

Kama nauli ni ngumu kutoa, basi chanjo iende kwa mama. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na simu zenye mfumo wa kuandikisha kila nyumba. Mhudumu wa kijiji chetu anajua nani amejifungua, nani ana kikohozi, nani amehamia kwa nani. Huyu ndiye anayeweza kujua kwamba kadi iko Kayole na mtoto yuko Nyakach. Mpeni orodha ya watoto wanaotimiza umri mwezi huu, na mpangieni nesi siku moja ya kushuka na kisanduku cha baridi hadi kwenye mti wa baraza au soko la Ahero. Na mlipeni posho yake kwa wakati, maana malalamiko ya posho kuchelewa tumeyasikia kaunti baada ya kaunti, na hakuna anayebisha hodi nyumba mia moja akiwa na njaa.

Najua nitaambiwa chanjo yenyewe haifai kupiganiwa hivi. Katika jaribio kubwa, dozi nne zilizuia takriban asilimia 36 ya malaria katika miaka minne kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17. Sawa, si kinga kamili, na chandarua bado ni lazima. Nakubali hilo. Lakini anayeidharau asilimia 36 huenda anaishi mahali ambapo malaria ni ugonjwa wa kusikia. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020, kaunti za ukanda wa ziwa zilikuwa na maambukizi ya asilimia 19 kwa watoto wa miezi sita hadi miaka 14, wakati nchi nzima ni asilimia 6. Huku mtoto huugua, akapona, akaugua tena mwaka huo huo, hadi damu inamwishia. Na pale Kenya, Ghana na Malawi ilipoanza kutolewa kwa wingi, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, ukiondoa vile vya ajali. Waliobaki hai ni watoto wenye majina, wengine wako darasani sasa hivi hapa Seme na Ndhiwa.

Wale wa uvumi kwamba chanjo inafunga uzazi sitawajibu kwa urefu. Tumepitia mabishano ya chanjo ya pepopunda mwaka 2014 na tunajua hofu inavyosafiri haraka kanisani kuliko dispensari. Waende wakae na nesi wamuulize kila kitu, ana subira kuliko mimi.

Kuna jambo la pesa ambalo linanitisha kuliko uvumi. Chanjo hii tunaipata kwa msaada wa Gavi, muungano wa kimataifa unaofadhili chanjo, na Juni 2025 Waziri wa Afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alitangaza kwamba nchi yake haitaendelea kuichangia Gavi. Mwaka huo huo tulikuwa tumeonja ladha ya kukosa: akina mama wakizungushwa huku na huko, wamebeba watoto wachanga, wakitafuta chanjo ya kifua kikuu na ya polio. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliketi Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya ilikuwepo. Miaka zaidi ya ishirini baadaye bado tunasubiri sahihi ile itekelezwe, na wakati huo dozi ya mtoto wa Muhoroni inategemea hotuba ya mtu aliye Washington.

Ndiyo maana nataka suala hili litoke redioni liende kwenye bajeti ya kaunti, ambako linaweza kuandikwa kwa tarakimu. Vikao vya ushiriki wa umma hutangazwa, na kwa kawaida tunaowajaza ni sisi wanaume tunaozungumzia barabara na mataa. Mara hii nitapeleka ombi la mistari mitatu: simu ya mzazi au nyanya iandikwe kwenye daftari la chanjo na itumiwe ujumbe, kwa Kiswahili na Kijaluo, kabla ya kila tarehe, pawe na fungu la nauli kwa dozi ya nne, hata kama ni kwa wadi chache za mbali kwanza, na wahudumu wa jamii wapewe orodha za watoto wao kila mwezi pamoja na nesi wa kufuatana nao. Kama uko Kisumu, Siaya, Vihiga au Busia, peleka ombi hilo hilo kwenye kaunti yako, nenda na mke wako, na mwache yeye ndiye aongee.