Kwa Excel, Dunia Iliumbwa Mwaka 1900

Haya, jamani, mtu wa Lamu anayetaka kuorodhesha tarehe za kale kwenye Excel afanyeje? Mji una misikiti ambayo hakuna anayekumbuka nani aliuweka udongo wa kwanza, una ngome iliyomalizwa 1821, una makaburi mpaka huna pa kupitisha punda. Halafu hiyo Excel, programu ya majedwali ya kompyuta, inakukazia macho na kukwambia kabla ya 1 Januari 1900 hakukuwa na siku. Hakuna! Babu wa babu yako aliishi wapi, hilo Excel haliihusu.

Na ukiuliza sababu ndiyo unachoka zaidi. Excel haiweki tarehe, inaweka namba. 1 Januari 1900 ni namba 1, kesho yake ni 2, inahesabu hivyo hivyo mpaka siku ya uhuru, 12 Desemba 1963, ambayo ni 23357. Nyuma ya 1 imefunga duka.

Sasa andika 1/7/1890, siku ya mkataba wa Heligoland na Zanzibar, Mjerumani alipomwachia Mwingereza Witu yetu hapo jirani. Unadhani itakukatalia waziwazi? Thubutu! Inapokea kimya, inaiegemeza kushoto mwa seli, kile kisanduku ulichoandikia. Kushoto maana yake ni maandishi matupu; tarehe ya kweli huegemea kulia. Na kuna mtu, yupo kila ofisi, anayependa kuweka kila kitu katikati ili jedwali lipendeze. Huyo amekufichia dalili pekee uliyokuwa nayo. Basi pima kwa =ISNUMBER(A2): ikijibu FALSE, ujue hiyo ni maandishi, na ukiitoa kwenye tarehe nyingine utaambulia #VALUE!.

Wajuzi wa barazani, kahawa mkononi, watakwambia, "Aa, ndugu yangu, si utumie fomula ya DATE?" Tumia basi. =DATE(1890,7,1) inakubali vizuri kabisa, inakupa mwaka 3790! Mwaka ulio chini ya 1900, Excel huujumlisha na 1900. Kwa hesabu hiyo Vasco da Gama hajatia nanga Malindi bado, anatarajiwa 3398, wenye hoteli wajiandae.

Tena hata huo mwaka 1900 wenyewe ina uongo nao. Inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900. Haikuwapo: mwaka unaoishia na 00 huwa mrefu, wa siku 366, pale tu unapogawanyika kwa 400. Kosa lilikuwa la programu ya zamani, Lotus 1-2-3, na Excel ikaliiga kwa makusudi ili mafaili yaelewane. Ndiyo maana inaiita 1 Januari 1900 Jumapili, na ilikuwa Jumatatu.

Dawa ipo, lakini inataka adabu. Kabla hujaandika lolote, ifanye safu A yote iwe ya maandishi, yaani Text. Kabla, si baada. Baada, zile za 1900 kuja mbele zimeshageuka namba na zile za zamani zimebaki maandishi, na ukipanga unapata pilau. Kisha andika mwaka kwanza: 1890-07-01, sufuri zake zote. Hivyo zinajipanga zenyewe kwa mfuatano hata kama ni maandishi. Safu B weka:

=IF(LEN(A2)=10,DATE(LEFT(A2,4)+2000,MID(A2,6,2),RIGHT(A2,2)),"")

Mbona 2000, kwa nini si 100? Kwa sababu kalenda yetu hujirudia kila miaka 400: siku 146,097, ambazo ni wiki 20,871 kamili bila hata siku ya kubaki. Elfu mbili ni mara tano ya hiyo, basi siku za wiki hazisogei na miaka mirefu inabaki mahali pake. Mkataba unakuwa 3890, uhuru unakuwa 3963, unatoa moja kwa nyingine unapata siku 26,826, jibu sahihi. Ila zote mbili zipite kwenye fomula. Ukiongeza moja ukaiacha nyingine, shauri yako. Jina la siku, usitumie TEXT, itakuletea Kiingereza. Tumia =CHOOSE(WEEKDAY(B2),"Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi"). Mkataba: Jumanne.

Umefurahi? Ngoja. Mreno alifika Malindi 14 Aprili 1498, na fomula itakwambia Alhamisi. Uongo! Ilikuwa Jumamosi, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Pasaka. Mreno wakati ule alitumia kalenda ya kale, ile ya Julian, iliyokuwa nyuma siku 9 kwa karne ile, kwa hiyo kwenye fomula ya jina la siku andika B2+9 badala ya B2. Ureno ilihamia kalenda yetu ya sasa 1582, ikalala 4 Oktoba ikaamka 15. Mwingereza akashupaza shingo mpaka 1752. Basi karatasi mbili za mwaka 1700, moja ya Lisbon na moja ya London, zina tarehe mbili za siku moja, na wewe ndiye wa kuamua. LibreOffice Calc, programu nyingine ya majedwali, angalau inazijua tarehe kuukuu, na kabla ya 15 Oktoba 1582 inafuata kalenda ya kale yenyewe.

Na usimjazie mtu siku asiyokuwa nayo! Vita vya Shela, huyu anasema 1812, yule 1813, halafu karani anaandika 1813-01-01 kwa sababu seli ilikuwa tupu. Andika 1812 peke yake, na safu ya pembeni "takriban". Ile LEN hapo juu, inayotaka herufi 10 kamili, itairuka.

Hijria ndiyo usiniulize. Excel ina umbo la B2dd/mm/yyyy (hiyo B2 ni alama ya umbo, si seli) linaloonyesha hijria, ila inahesabu kwa kanuni tu, haitazami mwezi, ikakosea siku moja ukaambiwa Maulidi yamekwisha na watu ndio kwanza wanakung'uta majamvi. Wala usiipake kwenye safu B, ile imeshasukumwa miaka 2000. Kwa makisio ya mwaka, zidisha hijria kwa 0.97, jumlisha 622: mwaka 1300 unatoka 1883, na kweli ulianza Novemba 1882. Ikiwa hati inasema usiku wa mfunguo sita, mwezi wa Maulidi, kumbuka siku ile ilianza magharibi, na hiyo hakuna fomula itakayokusomea, uliza mzee.