Kilembe: Mgodi Ufunguliwe, au Mto Ushughulikiwe Kwanza?

Mgodi wa shaba wa Kilembe, kwenye miteremko ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, ulizalisha kuanzia 1956, mwaka reli ilipofika mji wa Kasese, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mawe yalisagwa na kuchenjuliwa bondeni palepale, makinikia (unga wenye madini mengi) yakapanda treni hadi Jinja kuyeyushwa, kisha shaba ikateremshwa Mombasa. Takriban tani milioni 16 za mawe zilitoa tani 270,000 hivi za shaba. Kilichobaki ni marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa baada ya madini kutolewa, na mengi yake yamelala kando ya mto Nyamwamba.

Wanaotaka mgodi ufunguliwe hutaja kobalti, metali nyingine iliyomo kwenye mawe hayo. Rundo la pairiti (madini ya chuma na salfa) lililoachwa Kasese, lenye kobalti zaidi ya asilimia 1, lilichenjuliwa tangu 1999 kwa bakteria waliofugwa kwenye matangi yanayopulizwa hewa, hadi likaisha. Hoja nzuri, lakini haiyahusu marudio ya kando ya mto. Rundo lile lilikuwa makinikia. Marudio ya bondeni ni unga uliokwisha kukamuliwa, na gharama ya kuuchenjua tena huenda ikazidi mali iliyomo.

Wapinzani nao wanaanzia kwenye maji. Pairiti iliyobaki kwenye marudio ikikutana na hewa na unyevu hutoa asidi ya salfa, nayo huyeyusha shaba, kobalti na nikeli. Kiangazi chumvi za njano na nyeupe huganda juu ya marudio. Mvua za kwanza huzikomba zote mara moja, ndiyo maana maji ya siku hizo ndiyo makali zaidi. Mafuriko ya 2013 na 2020 yalikula kingo na kubeba marudio yenyewe.

Ila "safisheni tu" si jibu jepesi. Nyasi zikipandwa moja kwa moja hufa kwa asidi. Mawe ya chokaa yakimwagwa peke yake huvikwa kutu ya chuma na kuacha kufanya kazi. Dawa ya kudumu ni kuyahamisha marudio mbali na mto, juu ya sakafu ya udongo wa mfinyanzi, na kuyafunika hewa isipenye. Katika bonde jembamba kama lile, ardhi tambarare ni adimu, na malori na mafuta yanataka fedha ambazo mwekezaji ndiye anayeweza kuzileta.

Kwa hiyo mwekezaji aje, lakini mkataba utaje tani za marudio atakazohamisha kabla ya tani ya kwanza ya mawe mapya kutoka shimoni, na dhamana ya kazi hiyo ilipwe mapema, si baada ya faida.